Imani Yako Haikuwa Ndogo, Godeliva

Dada Godeliva,

Nimekasirika. Sianzi kwa kukuuliza hali, maana hali yako naijua: uko chini ya udongo wa Kanyosha, na aliyekupeleka huko bado anakula na kushiba. Kila Jumapili anasimama madhabahuni kule Carama amevaa kanzu uliyomshonea wewe, bure, kwa mikono yako.

Unakumbuka tulivyoingia katika kanisa lile? Mama alikuwa ametoka kufa, na wewe ndiye uliyenishika mkono. "Twende, mudogo wangu, kule kuna watu wanatupenda." Kweli walitupenda. Walitupikia, walitufagilia uwanja, wakalia pamoja nasi. Halafu wakaanza kutupokonya kidogo kidogo. Kwanza redio. Kisha Mama Zuhura, fundi mwenzako wa cherehani pale Buyenzi, eti kwa sababu ni Mwislamu. Ukaacha hata kumsalimia. Kisha mtoto wako Keza akatolewa shuleni. Mwisho kiongozi wao, Baba Mtumishi kama alivyotaka tumwite, akakuambia uache sindano za sukari, maana aliyeponywa hajidungi.

Nilikusihi. Ulikuwa kitandani, umekonda, pumzi zinakwenda mbio, unaomba maji juu ya maji. Nikasema twende hospitali. "Apana," ukanijibu. "Mi nimeshapona, ni mwili tu haujajua bado."

Dada! Hayo hayakuwa maneno yako. Wewe uliyebishana na wauza vitambaa mpaka wakacheka na kushusha bei, nani alikufunga mdomo?

Alichosema Baba Mtumishi ulipokufa hukukisikia, basi kisikie. Alisimama mbele ya watu wote akasema imani yako ilikuwa ndogo. Akakataza mtu yeyote kuja kukuzika. Ndogo! Uliyemwamini mpaka ukafa! Niliinuka palepale nikatoka, sijarudi tena. Aliyekuja kwenye msiba ni Mama Zuhura. Wanawe walichimba kaburi, yeye akakaa nami jikoni akichambua maharage.

Nikaacha kuomba. Nilidhani Mungu na Baba Mtumishi wana sauti moja, nikawafungia mlango wote wawili.

Mvua zilipoanza Keza akashikwa na malaria, mwili moto, macho yanageuka. Kabla sijatoka naye, wanawake wawili wa kanisa lile wakafika mlangoni wamevaa nyeupe. Walitumwa wamchukue akaombewe. Nguo zenyewe umezishona wewe, Dada, niliutambua mshono. Nikawaambia, "Mulishamukula mama yake. Huyu mutoto hamumupati." Nikamfunga Keza mgongoni, nikapita katikati yao mpaka hospitali.

Walipomtundikia chupa ya serumu nilitoka kwenye korido, nikajikuta nasema na Mungu. Si kwa upole. "Ulikuwa wapi? Dada yangu alikuita mpaka sauti ikamkauka. Kama ni wewe uliyemkataza dawa, mi sikutaki. Na kama si wewe, mbona ulinyamaza?" Watu waligeuka kuniangalia. Nilingoja nipigwe, maana tulifundishwa kwamba anayemhoji Mungu huanguka palepale. Sikuanguka. Muuguzi aliniomba tu nisogee apitishe kitanda.

Sikujibiwa, Dada. Lakini nilielewa kwamba mtu hagombani na asiyekuwepo. Ndani ya hasira ile nilikuwa nasikilizwa, na nilikuwa naomba kwa mdomo wangu mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani.

Tangu hapo naomba hivyo, nikifua, nikitembea. Kanisa sina. Kuna siku nashukuru, siku nyingi nalalamika. Keza alipona, amerudi shuleni, na Kifaransa kinamsumbua kama kilivyotusumbua sisi.

Na wewe nimekukasirikia pia. Ulikuwa na mtoto, ulikuwa na mimi, ukamsikiliza yule. Nikitaka kukusamehe nakumbuka ulivyokuwa unatweta, na hasira inarudi upya. Nivumilie.

Kwaheri, Dada yangu. Sikuagi kwa amani, bado sinayo ya kutosha. Lakini nakuahidi: Keza atasikia kutoka kwangu kwamba mama yake alikufa kwa ugonjwa wenye dawa, na kwamba alidanganywa. Na siku atakayoniuliza kama Mungu yupo, nitamwambia ninavyoamini mimi, halafu nitamwacha aende kumuuliza mwenyewe.

Mdogo wako,
Konsolata