Kuteremka Kabasha Injini Imezimwa

Butembo, Alhamisi jioni. Mvua imeanza mchana na bado inapiga mabati. Ningependa kusema nina huzuni kwa sababu ya mvua.

Leo nimemrudisha yaya Masika kutoka hospitali ya Beni. Yaya ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea nusu ya utoto wangu. Nimemfikisha kwake, nimerudi nyumbani, nimekaa bila kuvua viatu.

Mnaosoma ukurasa huu mnanijua kwa jambo moja: ubahili wa esanse, ndiyo petroli kwa wasiotoka huku. Tangu vita vifunge barabara ya kusini, malori ya Goma hayapiti tena Alimbongo. Kila tone linalofika Butembo linatoka mpakani Kasindi, limeshapita mikono mingi, na kila mkono umejilipa. Nikawa mjuzi. Niliwaambia mnunue Beni, kwa akina mama wa Bungulu, kabla jua halijakolea. Niliwaambia mmwage tone moja kiganjani: esanse safi hukauka upesi na kuacha ubaridi, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha utelezi. Hayo bado ni kweli, yafuateni mkitaka.

Lakini kuna moja nililoliandika hapa kwa mbwembwe, na leo nimelifuta.

Niliandika kwamba ukifika mteremkoni uzime injini, gari lishuke lenyewe. Barabara yetu ya kwenda Beni ni milima tupu, kwa hiyo niliona nimeokota dhahabu. Mlinisifu. Mmoja wenu aliniita profesa, nami nikalikubali hilo jina.

Masika ni fundi cherehani. Mara kwa mara nilimpeleka Beni na sare za shule alizoshona, na mchezo ule aliupenda kuliko mimi. Utotoni tulikuwa tunashuka vilima juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea kabichi na makaa, yeye akishika usukani na mimi nimemng'ang'ania kiunoni. Basi tukifika juu ya mteremko wa Kabasha ananiambia, "Zima, Kambale, tukamate chukudu yetu." Nazima. Unabaki upepo tu, na yeye anacheka mpaka machozi. Nikiwa mkweli, sikuzima kwa ajili ya esanse peke yake. Nilipenda kumsikia akicheka.

Asubuhi moja, wiki kadhaa zilizopita, nilizima tena, na kulikuwa na ukungu. Chini ya mteremko askari walikuwa wameweka kizuizi kipya, kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti, kwa sababu siku chache nyuma watu walikuwa wameuawa kijiji cha jirani. Sisi hatukuwa na habari. Kona ilipoisha nikaiona kamba, nikakanyaga breki, nayo ilikuwa ngumu kama jiwe. Injini ikiwa imezimwa, breki huisha nguvu ukishaikanyaga mara chache. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalijua siku zote, ila sikuliandika, kwa sababu lingeharibu makala.

Askari mmoja alikuwa ametugeuzia mgongo. Aligeuka akakuta gari limemfikia bila mlio wowote, wala halionyeshi dalili ya kusimama. Akapiga.

Risasi ilitoboa mlango ikavunja mkono wa kulia wa Masika.

Gari liliposimama kwenye kamba, mkubwa wao alikuja mbio. Nilitegemea matusi, hata kipigo, lakini hakunigusa. "Hatukusikia motere," akasema, akionyesha injini. "Gari inakuya kimya, haisimame, sisi tuwaze nini?" Kisha alisaidia kuufunga mkono wa dada kwa mojawapo ya zile sare.

Nimejaribu kulaumu vita. Nimelaumu ukungu, nimelaumu yule aliyepiga, na kuna saa ambapo inasaidia kidogo.

Ufunguo niliuzungusha mimi.

Daktari anasema mfupa umeunga, ila vidole havifungi. Mkasi hautashikika. Masika anasema atajifunza kukata vitambaa kwa mkono wa kushoto, na anasema kwa sauti ya kunifariji mimi, jambo ambalo linanichoma zaidi.

Leo nilipofika Bungulu nilinunua bila kubishana bei, bila kumwaga tone kiganjani. Mama muuzaji aliniuliza kama naumwa. Hospitalini nikamfungulia Masika mlango wa mbele. Akautazama, bado una tundu, halafu akafungua wa nyuma mwenyewe.

"Hapa nyuma niko muzuri," akasema.

Tulipanda Kabasha injini ikinguruma. Nilikanyaga zaidi ya ilivyohitajika ili wa kwenye kizuizi watusikie tungali mbali. Masika alijifunika kitenge usoni mpaka tulipovuka. Maneno ya kuomba msamaha nilikuwa nimeyapanga tangu jana, yote. Badala yake nikazungumzia bei ya maharage. Akanijibu vizuri tu kuhusu maharage.

Mbele ya nyumba yake nikamwambia Jumatatu nitakuja kumchukua, nimpeleke kubadilisha bandeji hapa mjini. Alikuwa ameshashuka.

"Hapana, ndugu yangu. Usimalize esanse yako juu yangu. Nitakamata pikipiki."

Alisema kwa upole kabisa, hakuna kejeli ndani yake. Heri angenitukana. Pikipiki, kwenye matope haya, mkono umening'inia shingoni kwa kitambaa, na mimi nimesimama pale na funguo mkononi nikaitikia, "Sawa, yaya."

Sasa gari liko uani na tangi limejaa pomoni. Nimpeleke nani?