Nyota Mbili za Asen

Smolyan,
28 Mei.

Mpendwa mwanangu Lyuben,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. U hali gani huko Chile? Kifua kimepona, au bado unashinda kileleni kwenye darubini zenu, kwenye baridi bila skafu? Sisi wazima. Kaka yangu, baba yako, anasumbuliwa na goti, ila viazi vyake hajaviacha.

Sasa nina neno nawe, na sitalizunguka.

Alhamisi niliwaeleza watoto wa shule, kama kila mwaka, habari za nyota aliyoigundua marehemu mume wangu Asen: kwamba ni mbili zinazozungukana, jitu jekundu, yaani nyota kubwa iliyovimba, na kibete cheupe, kinyota kidogo kinacholinyonya gesi. Mwalimu wao akanyoosha mkono.

“Mama Tsvetana, samahani, mbona Lyuben wenu kaandika kwamba hapo hakuna pacha?”

“Lyuben gani? Huyu niliyemlea mimi? Acha utani!”

Akanionyesha kwenye simu. Watoto wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nimeisoma makala yako yote, na umesema kweli. Jitu lile liko peke yake. Ule mwanga unaozidi na kupungua, tuliodhani ni wa kunyonywa gesi, unatokana na mapigo yake lenyewe, kule kutanuka na kusinyaa kwake. Kile kinyota cheupe kiko mbali mno nyuma yake, wala hazihusiani. Asen alikosea, nami nikakosea naye. Ungeniambia, ningenuna kidogo, kisha ningekusaidia kuandika.

Lakini makala imetoka Februari, na Pasaka ulikuwa kwangu! Ulikula kondoo wangu, tukagonganisha mayai ya Pasaka kama desturi yetu, lako likayavunja yote, ukajisifu weee. Kisha tukaenda kaburini. Zile nyota mbili zilizochongwa kwenye jiwe la Asen ulimchorea fundi wewe mwenyewe. Ukaweka yai jekundu la Pasaka chini yake, ukanishika mkono, ukanyamaza. Ulikuwa unajua, Lyuben. Umenisaliti mbele ya mume wangu.

Baba yako anakutetea, eti ulinionea huruma. Huruma gani ya kuniacha nichekwe na watoto?

Msalimie mkeo Marisol, mwambie sufu ya soksi zake nimeshaipata. Mungu awalinde huko juu.

Fundi yuko tayari kuifuta nyota ya pili. Nimemkataza. Utakuja uifute mwenyewe, nami nikiwa nimesimama hapo, na kabla hujashika patasi utamwambia Asen kwa mdomo wako.

Akupendaye hata akikasirika,
Shangazi Tsvetana