Uji Mchungu wa Mama

Mosocho

Kwa kakangu Zubair,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Garissa, wewe na wifi na watoto. Sisi tupo, alhamdulillahi, ingawa hilo “tupo” lina mengi ndani yake. Usishangae kuletewa barua zama hizi. Nikikupigia simu, Mama hutaka niweke spika asikie kila neno.

Mama amechangamka. Tangu hospitali itupe ile dawa ya maji, mofini, kile kilio ulichokisikia ulipokuja kimekwisha. Anakaa dukani anakunja leso, anawatania wateja kwa Kikisii chake cha kubabaisha mpaka wanashika mbavu. Juzi akatangaza kuwa amepona. Akaagiza chupa imwagwe, maana ameambiwa dawa hiyo humfanya mtu teja, asiweze kuishi bila dawa, na yeye hataki uteja uzeeni.

Nilimkimbilia nesi wetu, Roselyne. Akanieleza kuwa kwa mwenye maumivu kama yale, akipewa kwa kipimo, uteja si wa kuogopa. La kuogopa ni kumkatizia ghafla, au alale usingizi asiamke akiitwa. Lakini dawa haiponyi, akasema, inanyamazisha tu. Kansa imeshaingia mifupani. Nilipouliza Mama amebakisha muda gani, alinishika mkono, basi.

Kaka, nilishindwa kumwambia Mama. Sikuimwaga ile dawa. Namtilia kwenye uji wa wimbi, kwa kipimo cha nesi, naye hunywa akikunja uso, akisema kwa uji mchungu hivi ndiyo maana sijaolewa. Nacheka naye, kisha naingia jikoni kulia.

Sasa Ramadhani inabisha hodi. Mama ameapa kufunga mwezi mzima, kisha alipe saumu za mwaka jana. Shekhe alimkumbusha kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kula. Akamjibu, kwani mgonjwa ni nani hapa? Akifunga, uji wa mchana hakuna. Hata adhuhuri haitafika kabla maumivu hayajamwambia nilichomficha, tena ana njaa na kiu. Nikimwambia mimi leo, nitamvunja moyo. Wallahi, sioni pa kutokea.

Njoo kabla mwezi haujaandama, tumwambie pamoja. Mdomo wangu peke yake hauwezi.

Mama amenikuta nikiandika, anakusalimu sana. Anasema usihangaike kusafiri sasa, uje Idi, akupikie pilau kwa mkono wake.

Usingoje Idi, Zubair.

Wasalaam,
dadako Anisa