Sikuwa Nimevunja Ungo

Ngamiani, Tanga

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako hajambo, amerudi kuuza vitumbua. Goti langu bado linanibishia.

Unaniuliza uchemshe mizizi gani, kwa kuwa mkojo unakuwasha na kila saa uko msalani, nawe waona haya kumwambia daktari. Sikutajii hata mzizi mmoja.

Nilipokuwa msichana kule Mwera, tulizoea kuoga kwenye maji ya mashamba ya mpunga; siku moja nikakojoa damu. Bibi zangu wakapiga vigelegele: nimevunja ungo! Wakaniitia somo, yule mama wa kufunda wari, nikafungiwa ndani nifundwe. Nikasema damu yatoka na mkojo. Wakaninyamazisha: mwari hasemi.

Siku ya tatu nikakojoa kwenye chupa, nikatoka nayo mchana kweupe bila kuifunika kwa khanga, hadi zahanati. Nyuma yangu wanawake wakapiga kelele, "Mtoto huyu hana haya!"

Kilikuwa kichocho. Nikapewa dawa, nikapona.

Ugonjwa wako huenda ni maambukizi tu ya njia ya mkojo, lakini hatujui, wewe wala mimi, mpaka upimwe. Nenda kesho asubuhi, ukaseme kwa sauti.

Ni mimi bibi yako, yule asiye na haya.