Dagaa Hawavuliwi Mbalamwezi

Jumamosi, Musoma. Jua kali, ziwa limetulia, mimi sijatulia hata kidogo.

Leo nimebebeshwa kosa lisilo langu mbele ya wageni watatu, na nimelibeba.

Wageni hao ni maprofesa wa mnyororo wa ugavi kutoka ng'ambo. Wana nafasi moja ya shahada ya uzamivu kwa mtu wa chuo chetu, na mimi, mhadhiri msaidizi, ndiye niliyependekezwa. Bila uzamivu nitazeekea kwenye huo usaidizi. Walikuja kujionea safari ya dagaa, kuanzia mtumbwini Mwigobero hadi kwenye malori yanayovuka mpaka.

Mkuu wangu wa idara akawapangia leo, mwezi ukiwa mpevu kabisa.

Mtoto yeyote wa ufukweni anajua dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwaka, taa haina kazi, watu wanabaki nchi kavu. Mimi nimezaliwa Majita, na mama yangu anaanika dagaa mpaka leo. Nilimwambia mkuu mapema, tukiwa wawili ofisini kwake. Yeye kwao Butiama, mambo yao ng'ombe na mihogo. Akacheka.

"Wewe dada, hawa ni watu wa kimataifa. Ratiba yao haipangwagi na mwezi."

Basi asubuhi tukafika ufukweni Mwigobero. Mitumbwi ya dagaa imevutwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu, wengine wamelala. Profesa mmoja akauliza kama kuna mgomo.

Mkuu akanionyesha kwa kidevu. Akawaambia, kwa Kiingereza chake cha mikutanoni, kwamba tarehe niliichagua mimi. Hakupepesa hata jicho.

Nikalibeba. Niliiwaza nafasi yangu kabla ya heshima yangu.

Mama mmoja muuza dagaa, rafiki wa mama yangu, alinisogelea na kuninong'oneza: "Mwanangu, mbalamwezi hii watu hawaendagi ziwani. Chuo kimekusahaulisha kwenu?" Mkuu alikuwa amesimama pale pale, nikarudi kwa wageni.

Mchana tuliwasindikiza wageni kuelekea Bunda. Tuliposimama Kiabakari kununua maji, mkuu alinivuta pembeni, sauti laini kama ya padri. Nisiwe na wasiwasi, atanitetea. Ila niwaandikie leo leo kuwaomba radhi.

Anitetee kwa nani? Mtu amekuibia shati, anakurudishia kifungo, na anasubiri umwambie asante.

Namchukia. Nasema wazi, hili ni daftari langu. Darasani nafundisha kwamba kabla hujapanga usafiri wa mzigo, muulize kwanza anayeutoa. Somo hilo nilifundishwa na yeye mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa mbele kabisa, nikimwona mtu mkubwa. Sasa najua alikuwa anatusomea tu.

Jioni hii ametuma ujumbe: "Umeshawaandikia wageni?"

Nilikuwa na majibu mengi makali. Nimeandika: "Bado, Daktari."

Bado. Na Daktari juu yake. Hasira yote hii, na mkono wangu umeandika hivyo.

Yule mama muuza dagaa atakuwa ameshapiga simu kijijini. Kesho baada ya misa mama atanipigia kuniuliza kama ni kweli nimepeleka wageni kutazama dagaa kwenye mbalamwezi. Mkuu nilimjibu upesi. Mama yangu nitamwambia nini?