Alumini ya Moto Haipimwi

Nimefukuzwa karakana sasa hivi. Mimi!

Si unajua ile gari ya mbio tunayoiunda, iko moja tu duniani? Leo nimeikerezea bushi ya alumini, ile pete ya kushika ekseli isicheze. Mhandisi akaipima ingali ya moto. "Imezidi, ipunguze!"

Nikamwambia, "Bosi, ngoja ipoe, itanywea yenyewe." Akacheka. "Chuo kilikushinda, leo unanifundisha mimi?" Alidhani natania, kisa juzi nilimpaka grisi kwenye simu 😂

Akaipunguza mwenyewe. Ilipopoa ikawa inacheza kama jino bovu. Na alumini yenyewe ndiyo ilikuwa ya mwisho!

Halafu ananifukuza mimi. Mimi! Eti nimemharibia.

Siondoki ng'o. Nimekaa mlangoni, bushi mfukoni. Mwenye gari anakuja saa tisa. Namkabidhi mkononi, aitie mwenyewe, aisikie inavyocheza, kisha nimwambie nani aliipunguza ingali ya moto.