Mfuko Ambao Haujafunguliwa

Detroit, 9 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Sisi huku wazima.

Kamati ya mashindano ya roboti inapiga kura tarehe 23. Wanafunzi waendelee kujenga wiki sita tu, kisha roboti ifungwe mfukoni kwa lakiri, au wajenge bila ukomo hadi mashindano? Maoni yamegawanyika sawasawa, imebaki kura yangu. Mimi nataka ukomo ufutwe. Zile mbio za siku ya mwisho ndizo zilizomuua kaka Anders. Wewe ulikuwa mwalimu wa timu yake, unasemaje?

Binti yako,
Maren

Calumet, 12 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananitabiria theluji vizuri kuliko redio.

Usifute. Bila ukomo watoto hawatalala miezi mitatu. Nawajua walimu wa roboti: mpe siku, atataka wiki.

Roboti ya kaka yako bado iko gereji, mwaka wa nane, lakiri haijakatwa. Upepo ukiingia, mfuko unapumua. Mama yako hapiti tena huko. Mimi humuuliza, "Anders, baridi haijakuzidi?" Niache na wazimu wangu.

Baba

Detroit, 14 Novemba

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo?

Nimeitoa kabatini mwa kamati fomu yenu ya kufunga roboti ya mwaka ule. Umeandika mfuko ulifungwa saa kumi na moja jioni. Gari la Anders liliteleza saa tatu kasoro usiku, na kutoka shule hadi nyumbani ni dakika kumi. Alikuwa wapi?

Maren

Calumet, 20 Novemba

Maren,

Marahaba. Mama yako hajambo.

Alikuwa na mimi. Mkono wa roboti ulikataa kukamata. Niliandika saa kumi na moja, nikamtaka atie sahihi, tukaendelea hadi saa mbili na nusu. Akasema, "Baba, huu si wizi?" Nikamjibu, "Nani atajua? Kaza skrubu." Kisha nikabaki kufagia, yeye akatangulia. Saa kumi na moja barabara ilikuwa kavu, mwanangu.

Piga kura utakavyo, ila usizisingizie wiki sita. Nisamehe.

Baba

Detroit, 23 Novemba

Baba,

Shikamoo nitakupa nikifika.

Ukomo wa wiki sita umebaki. Nimeongeza sharti moja: saa ya kufunga aiandike mwanafunzi mwenyewe, mwalimu akiwa nje.

Nina hasira nawe, tena nyingi. Jumatano nakuja na mkasi, tuikate lakiri sote watatu. Mwambie mama aoke mikate ya nyama. Na mpaka nifike, usiende gereji kumsemesha Anders peke yako.

Dada yake Anders